TV Yetu Huugua Kila Jumamosi

Admin, naomba usitaje jina langu wala shule yangu. Nina miaka kumi na sita, niko kidato cha tatu, na ninaishi na mama yangu Gatwekera, Kibera, katika chumba kimoja. Baba alifariki nikiwa shule ya msingi.

Katika ploti yetu ya vyumba vya kupanga, TV kubwa ni yetu tu. Kuna tamthilia ya mwanamke wa Nairobi ambaye hajaolewa na anatafuta mpenzi. Leo anakula chakula na daktari, kesho ameachwa, na akina mama wa ploti wanaumia kana kwamba ni dada yao. Wanakuja na vigoda, wengine wakikata sukuma wiki hapo hapo. Jirani yetu, Mama Brayo, huipigia skrini kelele: "Shika huyo, msichana! Huyo ana heshima!"

Wasichojua ni kwamba mama naye ana mtu. Nitamwita Fundi. Anatengeneza makochi karibu na stendi ya Kawangware 46, ni mpole, na ameomba kumwoa. Lakini ukoo wa baba unamhesabu mama kuwa bado mke wa boma lao, na kwao mwanamume mwingine kuingia nyumba ya marehemu ni aibu kubwa. Kwa hivyo mama aliwaambia majirani kwamba huyo ni fundi wa TV. Kila Jumamosi mchana akija, mama anaizima TV na kuigeuza, naye Fundi anakaa nyuma yake ameshika bisibisi. Hajui hata kuifungua. Mimi huwa kitandani na vitabu vyangu, ili isionekane wako wawili peke yao.

Mwanzoni nilikuwa nacheka. Jumamosi iliyopita tamthilia ilikuwa inarudiwa, na Mama Brayo akaingia bila kubisha, majirani wawili wakimfuata.

"Ai! Kwani hii TV inashikwa na malaria Jumamosi peke yake? Jana si ilikuwa inaongea poa?"

"Ni waya ya ndani imeungua," mama akasema.

"Waya ya ndani! Haya, fundi, tengeneza pole pole, usiharakishe!"

Walicheka mpaka nje. Jioni nikiteka maji nikawasikia: "Mjane, na ako na msichana mkubwa kwa nyumba. Hana haya." Ni wale wale waliomlilia mwanamke wa TV.

Juzi baba mdogo, ndugu ya marehemu baba, alinipigia simu. Sijui nani alimwambia. "Wewe hujawahi kunidanganya," alisema. "Jumapili nakuja. Nitakuuliza mbele ya mama yako kama kuna mwanaume anaingia nyumba ya ndugu yangu. Kama yuko, utaenda ushago, huko kijijini, ukae na nyanya yako. Hiyo shule ya Nairobi uisahau."

Nilimweleza mama. Aliendelea kuosha sufuria.

"Sema ni fundi."

"Lakini mum, si wa TV."

"Kwani nimekuuliza ni wa nini?" Kisha sauti ikamshuka. "Nisaidie hii mara moja tu, msichana wangu."

Tangu hapo sili vizuri. Nikisema ukweli, nitaachishwa shule yangu na mama atabaki peke yake. Nikisema ni fundi tu, nitakuwa nimemzuia mama kuolewa, kwa sababu baba mdogo hatalisahau jibu hilo siku Fundi atakapokuja na wazee wake.

Kuna jambo moja linalonipa moyo. Siku moja mama alipotoka kununua maziwa, Fundi aliniambia, "Mimi niko tayari kuja na wazee hata kesho. Mama yako ndiye anaogopa." Nambari yake ninayo. Nikimpigia, wanaweza kufika Jumapili kumposa mama mbele ya baba mdogo, kabla sijaulizwa lolote. Lakini mama atajua ni mimi, na sijui kama atanisamehe.

Ninyi mlio wajane, na hata ninyi mlio baba wadogo, niambieni kwa upole: nimpigie, au ninyamaze? Jumapili inakaribia.