Mwanamke wa Ukutani

Mchana nilipiga picha za paspoti kwenye kibanda changu Kawajense. Jioni nilifunga, nikabeba kamera kwenda mjini kupiga chochote kilichokuwa chini ya taa: wachoma mahindi, wanaocheza drafti, bodaboda wakisubiri abiria wa basi la Tabora.

Nyuma ya stendi, kwenye ukuta wa duka la spea za pikipiki, fundi mmoja wa rangi alikuwa amemchora mke wake. Mama yule alikuwa akiuza mihogo hapohapo, akafariki kwa uzazi. Mwenye duka alikubali kwa sababu mchoro ulikuwa wa bure. Kichwa kilikuwa kikubwa kuliko mlango, na usiku taa ya nguzo ilimwangukia usoni.

Mvua zilipoanza, bodaboda wakapata mchezo. Walifinyanga tope, wakampiga nalo. Aliyelipata jicho alinunuliwa soda. Wengi wao walikuwa wamekula mihogo ya yule mama. Ndipo nilipoanza kwenda pale kila usiku, maana kelele zilinivuta na picha zilikuwa nzuri.

Fundi alikuwa akija na ndoo na kitambaa. Alimwosha uso. Akimaliza jicho la kulia, wanampiga la kushoto.

"Muoshe na kwapa, shemeji!" mmoja alipiga kelele, wote wakaanguka kwa kicheko. Mwenye duka naye alicheka, amekaa kwenye kiti chake cha plastiki.

Halafu mwenye duka akapata watu wa kumlipa ili tangazo la tairi lichorwe kwenye ukuta ule. Akamwita fundi.

"Wewe ndiye uliyechafua ukuta wangu, wewe ndiye utakayeufuta. Na iwe usiku, mchana nina wateja."

"Naomba umtafute fundi mwingine, bosi."

"Ukikataa, hakuna duka mji huu litakalokupa kazi ya kuchora kibao. Unanijua."

Usiku fundi alikuja na rangi nyeupe. Bodaboda walizima pikipiki, wakasogea ili waone vizuri.

"Anza na macho," mwenye duka alisema.

Alianza na macho. Mkono haukutetemeka, nami nilikuwa naungoja utetemeke ili nipige. Alipofika kwenye mdomo alisimama, akanifuata pale nilipokuwa.

"Dada, wewe umempiga sana. Nipe hata moja."

Nikamwonyesha kwenye kamera. Akatazama ya kwanza, ya pili, ya tatu.

"Hapa ana tope."

"Ndiyo."

"Na hapa. Huna ambayo amesafishwa?"

Sikuwa nayo. Alipokuwa akimwosha, nilikuwa nikiwapiga wanaocheka.

"Basi futa," akasema, akarudi kumalizia mdomo.

Juma lile lile alichora tairi, jeusi, zuri kabisa. Mwenye duka akamlipa nusu, akisema nusu nyingine ni ya rangi nyeupe. Baadaye nilisikia yuko Karema, kule ziwani, anapaka rangi mitumbwi. Bodaboda wamehamia upande wa pili wa stendi, kuna kichaa analala huko.