Kafi Jeusi Lililopinda

Bahari sijawahi kuiona. Kutoka kwetu Kyerwa, mtu anayekwenda baharini anapanda basi Omurushaka, halafu anakaa ndani yake mpaka anasahau alikuwa anafuata nini. Kwa hiyo mgeni wa parokia aliyekuja kuhesabu ndege alipoondoka na kuiachia shule yetu mtumbwi wa plastiki wa baharini, hatukushangaa. Tulishawahi kupewa mashine ya kufulia kabla umeme haujafika.

Mtumbwi ulikuja na makafi mawili, kila moja lina bapa huku na huku, unapiga maji kulia na kushoto bila kubadilisha mikono. Moja la njano, zito kidogo. Jingine jeusi, jepesi kama bua la mtama. Hilo jeusi lilikuwa na jambo lake: bapa moja limesimama, la pili limelala, kama mume na mke waliokosana.

Mwalimu wetu wa Fizikia alifurahi kuliko sote. Akasema tutafanya jaribio la kulinganisha makafi, na matokeo yatasomwa siku ya wazazi. Ili haki itendeke, akaongeza kafi la tatu, la ziwani kwetu, la mti wa msambya, lenye bapa moja. Hilo alilichonga babu yangu. Makafi yote ya ziwa letu ameyachonga yeye, na mitumbwi, na ile mihori mirefu ya kukamulia ndizi za pombe ya rubisi. Mtu akitaka kumkasirisha Babu amwambie kuna mchongaji mzuri Murongo.

Mpiga kafi alikuwa mwenzangu wa dawati, msichana mwenye mabega na mdomo. Mimi nilipewa simu ya mwalimu ya kupimia muda, na daftari. Ndizo kazi za watu wasioongea. Nilizipenda sana.

Siku ya kwanza alitoka gatini hadi mti wa kufungia nyavu na kurudi, mara moja kwa kila kafi. La Babu likawa la kwanza. La njano likafuata. Jeusi lilikuwa aibu tupu: akipiga kulia mtumbwi unakwenda, akipiga kushoto bapa linakata maji kama kisu na mtumbwi unazunguka kumtafuta aliyeutuma.

"Dada, unakwenda wapi, Uganda?" walimpigia kelele wavulana.

"Njooni nyie mnaojua!" akawajibu huku akizunguka. "Kiboko mwenyewe ananicheka!"

Babu alikuwa amekaa juu ya mtumbwi uliopinduliwa, mikono magotini. Hakucheka. Mshindi hacheki, anatazama tu.

Hapa niseme ukweli. Ndani ya mtumbwi kulikuwa na karatasi ya maelekezo, ya Kiingereza, na mimi husoma kila karatasi ninayoiona kwa sababu karatasi haikuulizi kitu. Ilieleza kuwa jeusi limepindwa makusudi, ili lile bapa lililo juu lipasue upepo, na kwamba pale katikati kuna kitufe kinachoingia tunduni; ukikihamishia tundu la pili, kafi linanyooka. Nililijua hilo kabla jaribio halijaanza. Nilitakiwa kuinua mkono tu. Lakini Babu alikuwa anashinda, na mkono wangu ni mzito.

Tulipomaliza, Babu aliliomba kafi jeusi. Akafumba jicho moja akalitazama kuanzia mwanzo hadi mwisho, anavyotazama ubao.

"Waitu, maskini," akasema. "Limetoka kwao likiwa gonjwa."

"Ndivyo lilivyo, mzee," Mwalimu akasema.

"Ndivyo lilivyo ndiyo nini? Mtoto akizaliwa na mguu umepinda utasema ndivyo alivyo?"

Akaondoka nalo. Asubuhi alilirudisha limenyooka, mabapa yote mawili yanatazama upande mmoja. "Fundi wao alikosea tundu," akatuambia kwa huruma, akaenda zake kibanjani kupogoa migomba.

Mwalimu akasema kupima mara moja si kupima, turudie mara tatu. Tukarudia. Jeusi likashinda mara zote tatu, na si kwa kubahatisha. Mwenzangu aligeuka kwenye mti wa nyavu nikiwa bado natafuta kalamu. La msambya likawa la pili. Babu hakuwepo.

"Sasa babu yako utamwambiaje?" mwenzangu aliniuliza huku akikamua sketi.

"Mwalimu ndiye atasoma."

"Atasoma mwenye daftari," akasema Mwalimu. Sikujua alikuwa nyuma yangu.

Siku ya wazazi Babu alikuja na koti lake la kanisani, akakaa mstari wa mbele. Alikuwa na kahawa ya kutafuna mfukoni, anawagawia majirani kama mtu mwenye sherehe, na kila aliyepokea alipewa na habari: kafi la msambya limeyashinda ya kizungu. Nilimsikia akirudia mara nne. Kila mara ushindi ulikuwa unaongezeka.

Nikaitwa. Nikasoma matokeo ya siku ya kwanza.

"Sauti!" wakapiga kelele walioko nyuma.

Babu akageuka na kuwatafsiria kwa Kinyambo, vizuri kuliko nilivyosoma. Kisha nikafika ukurasa wa pili. Ningeweza kuufunga. Hakuna aliyejua una nini isipokuwa watu watatu. Nikausoma, kwa sauti ya mtu aliye kisimani.

Babu akaacha kutafuna. "La msambya limekuwa la ngapi?"

"La pili."

"La kwanza ni lipi?"

"Jeusi, Babu. Shikamoo."

Sijui ile shikamoo ilitoka wapi. Tulikuwa tumeshaamkiana nyumbani. Darasa zima liliangua kicheko.

"Marahaba," Babu akajibu, taratibu. "Jeusi lile lililopinda?"

"Ndiyo."

"Likanyooshwa na nani?"

"Na wewe, Babu."

Akawageukia wazazi. "Mmesikia wenyewe." Wakapiga makofi. Mshindi alikuwa yule yule.

Ningeishia hapo ingekuwa vizuri. Lakini mstari mmoja ulikuwa umebaki, nami nilishachoka kunyamazia karatasi ile. Nikasema kwamba fundi wao hakukosea tundu. Alilipinda makusudi, kwa ajili ya upepo, na mimi nilijua toka mwanzo.

Babu akaniuliza: "Upepo gani?"

"Wa baharini."

"Basi wakituletea, nitalipinda tena."

Walicheka mpaka nikarudi kwenye kiti changu bila mtu kuniona, jambo ambalo kwangu ni heshima.

Jioni, nyumbani, hakuna aliyecheka. Nilimkuta Babu nyuma ya jiko na lile kafi la msambya magotini, anapunguza mpini kwa kisu uwe mwepesi, maranda yanaangukia viatu vyake vya kanisani. Nilitaka kupita kimya. Akasogea, akanipa nafasi kwenye gogo, akaweka kiganjani mwangu punje mbili za kahawa, kama anavyowapa wageni wakubwa.

"Lete daftari," akasema. "Lilinizidi kwa kiasi gani? Usinihurumie."

Nikamsomea. Akakata tena mpini, safari hii kwa ndani zaidi.