Supu ya Mwani Siku ya Roketi

Mama mkwe wangu, Maeng Jeom-sun, akisema roketi ya nchi yetu ni yake, hatanii. Zamani nyumba yake ilikuwa kisiwani, kulekule roketi zinakorushwa sasa. Serikali ilipotaka mahali pa kurushia, wakazi wakahamishwa, naye akavuka daraja amejitwika sufuria kubwa ya chuma, akaja kufungua mgahawa hapa kijijini, ng'ambo ya maji.

"Ile roketi imesimama jikoni kwangu," huwaambia wateja. "Pale pale palipokuwa na mafiga."

Mgahawani kisiwa hakionekani, kilima kimekiziba. Kinaonekana kutoka uwanja wa juu kilimani tu, wanakokusanyika watu kila roketi inaporushwa. Huko mwenyekiti wa kijiji alimpa ruhusa ya kuweka meza ya chakula. Mimi nimeolewa na mwanawe, Gi-hwan, miaka mitatu sasa, na nimeona kwamba akiwa kwenye meza ile hakipi kisiwa mgongo hata mara moja.

Sasa, siku iliyotangazwa kwa roketi ya setilaiti ikaangukia siku ya mia ya mwanangu Ha-ram. Kwetu mtoto akifikisha siku mia, asubuhi tunamwandalia Samsin, bibi anayelinda watoto, wali mweupe na supu ya mwani, kisha chakula kinagawiwa watu wengi iwezekanavyo ili mtoto aishi miaka mingi. Lakini kwetu pia, siku ya mtihani hakuna anayethubutu kugusa supu ya mwani. Mwani unateleza. Ukiula, ulichokishika kinakuponyoka. Mwenye jambo zito hula tofi ya mchele, ile inayonata mpaka inang'oa meno, ili bahati nayo imgande.

Na siku hiyo nchi nzima ilikuwa na mtihani.

Asubuhi mwenyekiti, Bwana Tak Gwang-sik, alipita na mfuko wa tofi. Alikuwa ametoka kuzibandika kwenye vyuma vyote vya uzio wa uwanja wa juu, vidole vyenyewe vinagandana. Akasimama mlangoni, akanusa.

"Mama Gi-hwan! Harufu gani hiyo?"

"Kumbe pua bado nzima. Mwani."

"Leo? Leo hii hii?"

"Mjukuu wangu katimiza siku mia leo hii hii."

"Si umpikie kesho?"

"Kesho ana mia na moja. Wale wa roketi wana kitufe cha kuahirisha, Mwenyekiti. Mimi nitabonyeza wapi?"

Nilicheka, nikajificha nyuma ya mtoto. Bwana Tak hakucheka.

"Dada, nisikilize. Watu wanakuja kwa mabasi. Roketi ikianguka nao wakaiona hiyo supu, meza yako utaiondoa. Usiirudishe tena pale juu."

Mama akafunika sufuria, akaizungushia blanketi la mtoto, akaifunga kwa kamba. "Haifunguliwi kabla haijaruka," akasema. "Ikishafika mbinguni, nitawagawia."

Saa kumi uwanja ulikuwa umejaa hata pa kuweka mguu hapana. Wanafunzi wamejichora bendera mashavuni. Mzee mmoja kapanda ngazi aliyokuja nayo kutoka mjini, watu wanampigia makelele: "Babu, shuka, utafika juu kabla ya roketi!" Kila mdomo unatafuna tofi. Mama aliuza wali wa kukunja, mikono ikifanya kazi, macho kisiwani.

Kipaza sauti kikaanza kuhesabu. Kumi, tisa... Tulihesabu wote, hata mimi niliyezoea kunong'ona. Moshi mweupe ukatanda, moto ukachomoza, kile kitu kikapanda kimya kimya, ndipo mngurumo ukatufikia kifuani. Ha-ram mgongoni akanishika masikio, akacheka kwa sauti. Watu wasiojuana walikumbatiana. Bwana Tak aliruka mpaka kiatu kimoja kikatoka, akaendelea kuruka na soksi. "Imenata! Imenata!"

Mama alikuwa analia, tena kwa kicheko.

Tukangoja. Dakika zikapita, kila mtu kainamia simu. Mwisho sauti ikasema polepole kwamba roketi ilipanda vizuri, lakini setilaiti haikukaa kwenye njia yake. Imepotea.

"Imeteleza," mtu akasema.

Ndipo msichana mmoja akainama chini ya meza yetu. "Jamani, hii harufu ya nini? Mwani! Kuna mwani hapa!"

"Bibi, umetuangushia setilaiti kwa upawa!"

"Taifa zima linatafuna tofi, yeye anapika utelezi!"

Wengine walitania, wengine hawakutania. Bwana Tak alikuja na kiatu mkononi. "Nilikwambia, dada. Toa meza."

Mama hakubishana. Aliinua sufuria, akaiweka juu ya meza, akafungua kamba.

"Kabla ya Gi-hwan nilibeba mimba mbili, zikatoka," akasema, si kwa sauti kubwa, lakini waliokuwa karibu wakawanyamazisha wenzao. "Mara zote mbili mama mkwe wangu alinipikia supu hii, ile anayopikiwa kila aliyejifungua, kana kwamba nina mtoto mkononi. Nikamuuliza, ya nini, mtoto sina? Akanijibu, mwili hauulizi mtoto yuko wapi. Umesukuma, unataka mwani. Leo nchi nzima imesukuma. Kuleni."

Mimi nilikuwa sijawahi kusikia habari hiyo. Nikamshika Ha-ram miguu.

Mwanafunzi mmoja, bendera imechuruzika shavuni, akanyoosha mikono. "Bibi, nipe." Nyuma yake wa pili. Mzee wa ngazi akashuka. Mara kukawa na foleni, na kelele zikarudi: umeuona ule moto? Ulinyooka! Ijayo lini? Mimi nakuja, hata iwe theluji!

Bwana Tak alipofika mbele alitazama ndani ya bakuli muda mrefu, akalimaliza lote amesimama.

"Chumvi kidogo," akasema.

"Na meza?"

"Meza ikae." Akajifuta mdomo. "Kwani nimesema nini?"

Mabakuli yakaisha, foleni bado imeshuka mpaka barabarani. "Mwenyekiti, osha," mama akamwambia. Akakunja mikono ya shati, akachuchumaa kwenye beseni, na kila alipomkabidhi mtu bakuli safi alimweleza jinsi roketi ilivyopanda, kana kwamba mwenzake hakuwepo.