Waliomwamsha Mama Celine

"Mama Celine, huyo fundi wa jenereta unayemwombea kila asubuhi, anaitwa nani?"

Jerusa aliuliza hivyo siku moja wakianika nguo. Kamba yao ilikuwa moja, na nyumba zao zilitenganishwa na ukuta mmoja. Katika laini, zile safu za nyumba za wafanyakazi wa majani chai, huku upande wa Kericho, ukuta wa namna hiyo hauzuii kitu. Ukikaanga vitunguu, jirani anapiga chafya. Ukiomba, jirani anaitikia amina.

Phelis Mongina, ambaye ndiye Mama Celine, alitoa kibanio cha nguo mdomoni kabla ya kujibu.

"Jina lake silijui, lakini Mungu anamjua. Si ni yule anahangaika na jenereta ya kiwanda kabla hakujapambazuka?"

"Jenereta gani?"

"Hiyo inakataa kuwaka! Kwani huisikii? Inakoroma, inanyamaza, inakoroma tena. Halafu ingine inaijibu huko ng'ambo ya bonde. Huyo mtu nimemhurumia tangu nije hapa."

Jerusa aliweka beseni chini. Alianza kucheka polepole, kisha akashika ukuta, kisha akakaa kabisa kwenye nyasi, leso ikimfunguka.

"Wewe Mkisii utaniua! Hiyo si jenereta, hao ni mbega! Wale weusi wenye mikia mirefu myeupe, wanakaa juu ya miti huko msituni. Chepkurui aliniambia, yule msichana wa Kipsigis anayetembeza wageni. Mzee wao anaamka anakoroma, anaambia wenzake hapa ni kwake. Na wewe unamwombea spana!"

Mama Celine alicheka pia, maana ilichekesha. Lakini usiku huo alilala akiwaza. Alifika hapa akiwa bibi arusi kutoka Nyamira, hajui hata namna ya kushika jani. Sauti ile ndiyo iliyokuwa ikimwamsha. Ikisikika, alipiga magoti kando ya kitanda, akaomba, akawasha jiko, akamfunga Celine mgongoni na kuingia shambani umande ukiwa bado unamwaga maji kwenye majani. Mvua ya mawe ilimpiga, vidole vikapasuka, watoto wakakua, Celine akaolewa. Magoti yalipochoka akapelekwa kiwandani kuchambua chai, kwenye vumbi lile jepesi linaloingia kifuani na kukaa. Katika hayo yote hakuwahi kuchelewa kazini, na hakuwahi kukosa kuomba asubuhi. Alidhani ameamshwa na chuma, kumbe alikuwa akiamshwa na viumbe wenye pumzi.

Na hakuwahi kuwaona. Watu wa laini walikatazwa kuvuka mstari wa mwisho wa majani chai, na Mama Celine akikatazwa kitu hurudi nyuma hatua mbili zaidi.

Tena sasa muda ulikuwa umeisha. Kazi yake ilikuwa inafika mwisho na mwezi. Mumewe, Mzee Nyang'au, alikuwa ametangulia Nyamira kupiga nyumba lipu, na lori la kubeba vitanda lilikuwa limeshatafutwa. Kule kwao ni migomba na mikaratusi na boma za watu. Mbega hawako.

"Jerusa," alisema asubuhi kupitia ukuta, "mimi nataka kuwaona kabla niende. Mtu akikuamsha miaka yote, hata ahsante hujamwambia, unaondoka aje?"

Jerusa ndiye aliyekuwa kiongozi wa nyimbo wa Dorkasi, chama cha akina mama wa kanisa lao la Sabato. Mama akiondoka, Dorkasi humpa leso na sufuria. Jerusa alisimama mbele yao akasema huyu wetu ana sufuria za kutosha, tumpeleke msituni. Wengine waliguna. Mmoja akauliza kama kuna chui. Lakini Mama Celine ndiye aliyewakorogea uji wakiwa wamejifungua, karibu wote, na hakuna aliyeweza kukataa akimtazama usoni.

Wakaenda Jumapili, baada ya Sabato kupita. Walipita njia ya katikati ya majani chai wakiwa wamebeba chapati kwenye ndoo na chai kwenye thermosi, wamevaa sweta na gambuti, Mama Celine mbele kama bibi arusi. Kifua kilimsumbua kwa ule ubaridi. Alikohoa mara kwa mara ndani ya leso yake, na kila akikohoa alisema, "Vumbi tu, vumbi tu," ingawa hakuna aliyekuwa amemwuliza.

Chepkurui aliwangoja pale mashamba yanapokomea, mahali miti mikubwa inaposimama mara moja kama ukuta. Alikuwa msichana mwembamba mwenye sweta la kijani na panga kiunoni.

"Chamgei, akina mama!"

"Chamgei!" wakajibu kwa nguvu mpaka akacheka.

"Hiyo ndiyo sauti sitaki kusikia huko ndani. Sasa sikieni. Tukiingia tunanong'ona. Hakuna kuwapa chakula, hata kipande cha chapati. Hakuna kurusha kitu ili watingishike. Tukiwapata, tunakaa nao kidogo tu halafu tunawaacha. Na ingine: kuna mtu anakohoa? Ana homa? Magonjwa yetu yanaweza kuwashika, na hao hawana hospitali."

Jerusa alimkanyaga Mama Celine kwenye gambuti, polepole, kama kusema nyamaza. Akina mama wengine wote waliangalia miti kwa bidii sana.

Mama Celine angeweza kunyamaza. Kikohozi kilikuwa kimetulia kidogo, na huko ndani pengine kisingemrudia. Lakini alifikiria wale wanyama, walivyomwamsha miaka yote bila kumkosea, halafu yeye awaletee ugonjwa kwa sababu ya hamu yake.

"Mimi nakohoa, mwanangu," alisema.

"Ni vumbi la kiwanda!" Jerusa akaruka. "Chepkurui, haki ya Mungu, hiyo si homa. Hata mimi nalala ukuta mmoja na yeye, sijawahi ambukizwa chochote isipokuwa maombi!"

Wengine walicheka, lakini Chepkurui hakucheka. Alikuwa amekunja uso kama mtu anayeumia.

"Kogo," alimwambia, kwa lile neno lao la kumwita nyanya, "mimi naamini ni vumbi. Lakini siwezi kujua, na sheria yetu haichagui. Kwa kawaida anayekohoa tunamrudisha nyumbani kutoka hapa hapa."

"Basi turudi wote!" akasema mwingine. "Hii safari si ni yake?"

"Nani arudi?" Mama Celine alisema. "Chapati zote hizi? Nendeni. Jerusa, wewe utaniangalilia vizuri, uje unieleze. Lakini usitie chumvi."

Chepkurui alitazama njia ya kurudi laini, akatazama magoti ya Mama Celine. Kisha akatoa barakoa mpya mfukoni.

"Vaa hii, kogo. Kaa kwa hilo gogo, hapa nje, usiingie. Mimi nitawaleta hawa haraka."

Wakaingia mmoja mmoja. Sweta la Jerusa ndilo lililokuwa la mwisho kuonekana, na hata hilo likageuka geuka kama linataka kurudi, kisha majani yakafunga.

Mama Celine alikaa. Gogo lilikuwa limelowa. Mbele yake majani chai yaliteremka mpaka mtoni, yakapanda upande wa pili, kijani kitupu, na huko chini moshi wa kiwanda ulikuwa ukinyooka. Nyuma yake na juu yake ilikuwa ile miti ya mwisho. Alifungua mdomo kumshukuru Mungu kama alivyozoea, na kwa mara ya kwanza maneno hayakuja kwa urahisi.

"Bwana," alisema mwishowe ndani ya barakoa, "sijakasirika. Chakula umenipa, watoto umenipa, kazi umenipa mpaka nimeimaliza na miguu yangu miwili. Lakini wewe unajua yaliyo moyoni, sina haja ya kukuficha. Ningependa sana kuwaona."

Akajipangusa macho na pembe ya leso. Hakuona aibu. Aliendelea kukaa, akisikiliza ndege asiowajua.

Ndipo wimbo ukalipuka huko msituni.

Mama Celine aliinua kichwa. Ile haikuwa sauti ya mtu mmoja. Ilikuwa kwaya nzima, soprano juu, alto chini yake, na Jerusa mbele akiwavuta. Kila mtu anayeijua Dorkasi ya kanisa lao anajua jambo hilo: kitu kizuri kikitokea, mtoto akipona, mvua ikinyesha, Jerusa anatoa wimbo, na wimbo ukishatolewa hakuna mama anayeweza kuuacha ubaki peke yake. Wanaupokea hata wakiwa na maji kichwani. Wanaupokea hata wakiwa wameambiwa wanong'one.

"Yesu wangu!" Mama Celine alisema. "Watawafukuza!"

Wimbo ulikatika ghafla katikati ya neno, bila shaka mbele ya uso wa Chepkurui. Kisha matawi yakaanza kuvunjika, kwanza mbali, halafu karibu, halafu karibu zaidi. Majani yakamwangukia begani, na matone ya umande yakamwagika kama mtu amepindua beseni. Kitu kikubwa kilipita angani juu yake, na kingine, na kingine, vyote vikija upande wake. Halafu vikasimama. Mbele ya ile miti hapakuwa na mti mwingine wa kurukia. Palikuwa na majani chai tu.

Mama Celine alitazama juu taratibu, shingo ikimuuma.

Walikuwa wengi. Weusi wa kung'aa, na mabegani wamevaa manyoya meupe marefu yanayoteremka pande zote mbili, kama wazee wa kanisa waliojitanda shuka wakati wa baridi. Mikia ilining'inia minene na myeupe. Nyuso zilikuwa za watu waliokatizwa kikao. Mmoja alikuwa akihema, mkono umeshika tawi, na kifuani pake kulikuwa na kitu kidogo cheupe pepepe. Kitoto. Hakikuwa na alama hata moja ya weusi, na uso wake mdogo wa rangi ya waridi ulikuwa umekunjamana. Kilifungua macho kikamtazama Mama Celine kama kinachouliza huyu ni wa nani.

Na hapo hapo kikohozi kikaja.

Kilianzia chini kabisa, kikapanda kikimkwaruza. Mama Celine alishika barakoa kwa mikono miwili, akaongeza leso juu yake, akaiuma. Kifua kikaruka. Macho yakajaa machozi mpaka mbega wakawa ukungu mweusi na mweupe. Alimeza. Kikarudi. Alimeza tena, akiwa ameinama hadi kipaji cha uso kikagusa magoti, akisema moyoni si sasa, si juu ya mtoto. Kikatulia. Alipoinua uso tena, mama yule alikuwa bado pale, amehamisha kitoto upande wa pili, anatafuna jani.

Ndipo dume kubwa lililokaa peke yake kwenye tawi la nje likafungua mdomo, likakoroma.

Jenereta! Ilikuwa ile ile, inayokataa kuwaka, lakini sasa ilikuwa juu ya kichwa chake, ikimtetemesha mpaka kwenye gogo alilokalia. Mama Celine alicheka bila sauti, mabega yakimtikisika.

"Kumbe ni wewe," alinong'ona. "Ahsante, baba. Mungu akubariki na nyumba yako yote."

Wakakaa naye. Ni muda gani, hakujua. Kisha dume likaondoka likifuata ukingo wa msitu, na wengine nyuma yake, mama mwenye kitoto akiwa katikati, mpaka matawi yakaacha kutikisika.

Akina mama walitoka msituni wakiwa wameinamisha vichwa kama watoto waliovunja sahani. Chepkurui alikuja nyuma yao amefura.

"Wazungu nimeleta, Wahindi nimeleta, wanafunzi nimeleta," alikuwa akisema. "Hakuna mtu amewahi kuwaimbia!"

Jerusa alimpigia magoti Mama Celine pale kwenye matope. Alikuwa analia kweli.

"Mama Celine, nisamehe. Niliona kitoto cheupe, mdomo ukafunguka wenyewe. Sikuimba mimi, ni mdomo! Hata hatukukaa nao. Wameenda, na wewe hujaona kitu, na lori lako ni wiki hii."

"Cheupe pepepe," alisema Mama Celine. "Na uso umekunjamana kama Mzee Nyang'au akiamka."

Jerusa aliacha kulia. "Nani amekuambia?"

Mama Celine akaonyesha juu kwa kidole, akaonyesha majani na matawi yaliyotapakaa kuzunguka gogo. Wakaelewa mmoja mmoja. Mwingine akashika mdomo. Jerusa alivuta pumzi ndefu, kifua kikapanda, na akina mama wawili wakamrukia wakamziba mdomo kwa mikono yao kabla wimbo haujatoka. Hapo hata Chepkurui alishindwa, akacheka mpaka akaegemea mti.

Walikula chapati mbali kidogo, chini kwenye njia ya majani chai, na Mama Celine akakohoa vizuri, kikohozi chote alichokuwa amekiweka. Wakati wa kuagana alishika mkono wa Chepkurui kwa mikono yake yote miwili.

"Umenifanyia jambo kubwa, mwanangu," alisema.

"Mimi nilikuzuia, kogo. Ni hao walikuletea, na makelele yao."

"Ungenirudisha nyumbani, wangeniletea wapi?"

Chepkurui aligeuka akalitazama lile gogo kule juu. Mama Celine alikuwa bado ameshika mkono wake.

"Nina ombi moja tu," alisema. "Ukipata mwingine anayekohoa, usimrudishe nyumbani. Mpe barakoa, mwache akae pale nje kwa gogo."