Mwanasesere Asiyesalimu

Wapendwa dada zangu, Bwana asifiwe. Mu wazima huko mjini?

Leo mama mkwe nusura achome mtoto!

Mtoto wa gunzi, jamani, wa kuchezea binti yangu Eliza.

Jana gari la sinema lilifika hapa Kinyangiri, tukaona mwanasesere anatembea na kuongea.

Basi leo mama mkwe kamshika wa Eliza juu ya moto:

"Wa jana aliongea. Huyu wetu mbona hanisalimu?"

Eliza analia.

Nikajificha nyuma ya kihenge cha mahindi, nikabana sauti: "Shikamoo, bibi!"

"Marahaba, mjukuu wangu. Na mama yako hapo nyuma? Tangu kuche yeye ni sinema, sinema tu. Shikamoo yake iko wapi?"

Nikatoka kwa magoti, nikamwamkia.

Mwanasesere amepona. Niliyeungua ni mimi, kwa aibu.

Mkimaliza kucheka, nijibuni upesi.