Picha ya Nyangi na Habari za Kipindupindu

Nyangi Mugeta alikuwa anageuza sato kwenye kikaango, pale sokoni Bunda, wakati mteja wake wa kila asubuhi aliposimama mbali na kibanda na kumwonyesha simu.

"Mama, huyu si wewe?"

Alikuwa yeye. Amelala kwenye kitanda cha zahanati, dripu mkononi, mdomo wazi. Juu ya picha, kwa maandishi mekundu: KIPINDUPINDU CHATUA BUNDA.

"Hii ni ya mwaka jana!" Nyangi alisema. "Nilikuwaga na malaria!"

Mteja alishaondoka. Kufikia mchana watu walikuwa wanapita upande wa pili wa njia, na jioni Nyangi akarudi nyumbani na samaki wake.

Swali moja likamkaa kichwani: nani alipiga ile picha? Siku ile walioingia chumbani kwake ni muuguzi, mumewe Masatu, na Skolastika, jirani yake wa sokoni, aliyemletea uji. Simu ya Masatu haina kamera. Muuguzi hakuwa na nafasi hata ya kukaa. Akabaki Skolastika, ambaye naye anauza samaki. Nyangi akaacha kumsalimia.

Alipanda basi hadi Musoma, akaulizia ofisi ya televisheni ya mtandaoni iliyoirusha picha ile. Ilikuwa chumba kimoja juu ya duka la vipuri. Mwandishi wa habari ile, kijana aitwaye Evance, alimpa kiti.

"Picha hiyo ni ya mfano tu, mama. Ilikuwa inazunguka kwenye magrupu. Hatukusema ni wewe."

"Mmeweka sura yangu, halafu hamkusema ni mimi? Na hao wagonjwa uliowaandika, uliwaona?"

Evance alisema alipigiwa simu na mtu anayemwamini. Akaifuta picha mbele yake. Lakini hakuomba radhi popote, na walioiona picha Bunda hawakuona ikifutwa.

Tangu hapo redio ikitaja ugonjwa, Nyangi aliizima. "Wanatafutaga wa kuwasikiliza," alisema. Kwa hiyo masika yalipofika, na gari la matangazo likapita mitaani likionya kuhusu kipindupindu, yeye hakuchemsha maji.

Masatu akaanza kuharisha alfajiri. Yakawa maji matupu, meupe kama yaliyooshewa mchele. Kabla ya mchana Skolastika, aliyesikia habari sokoni, akabisha hodi.

"Nyangi, najua hunitaki. Lakini mpeleke shemeji hospitali."

"Ili umpige picha na yeye?"

"Kumbe ndivyo unavyoniwazia. Haya, mwangalie macho."

Nyangi alimwangalia. Macho yalikuwa yamezama, na alipoifinya ngozi ya mkono ilibaki imesimama. Nyangi bado hakumwamini Skolastika. Aliiamini ngozi ile. Wakamshika Masatu huku na huku mpaka kwenye bajaji.

Hospitalini, kwenye mahema ya wagonjwa wa kipindupindu, mtu mwenye kamera alikuwa amesimama getini. Nyangi akavua kitenge mabegani, akamfunika mumewe uso. Kesho yake mzee wa kitanda cha jirani alitolewa amefunikwa shuka. Jioni redio ya mlinzi ikasema wagonjwa wote wanaendelea vizuri. Nyangi akamgeukia muuguzi aliyekuwa karibu. Muuguzi akaendelea kurekebisha dripu.

Masatu alipona, akarudi nyumbani amekonda, akidai ugali. Skolastika alikuja kumwona, na Nyangi akamkaribisha ndani. Kuhusu picha hakuna aliyesema neno. Nyangi hajajua mpaka leo nani aliipiga, na kuna siku wakiwa wanakaanga samaki pamoja humtazama mwenzake muda mrefu kuliko inavyostahili.

Maji sasa anachemsha. Na tangazo la ugonjwa likitoka, hulisikiliza mpaka mwisho, kisha hujifunga kitenge akaenda zahanati kumuuliza muuguzi uso kwa uso: ni kweli? Wako wapi? Na waliokufa, mbona hamkuwataja?