Ree Tatu na Mikeka ya Madrasa

Ndugu yangu mdogo alikuwa na mashua ya kuvusha wageni kati ya Shela na Ras Kitau. Aliipoteza kwa karata. Aliyemla ni mwanafunzi wangu wa zamani, niliyemsomesha Kurani tangu alifu mpaka akahitimu. Sasa ni mtu mzima, ana mashua zake tatu, na hucheza poka na wageni wa hoteli.

Nilikwenda kumuomba airudishe. Baada ya alasiri nilimkuta ufuoni Ras Kitau, akiipaka rangi mpya mashua hiyohiyo. Akafuta mkono wake, akaubusu wangu.

"Mwalimu! Ungeniita, ningekuja mwenyewe."

"Mashua hii inalisha watoto watano," nikamwambia.

"Nawajua, Mwalimu. Lakini sikumuibia. Alinifuata mwenyewe."

Akanieleza bila haya, kama alivyokuwa akinisomea somo lake zamani. Alikuwa na ree tatu mkononi, karata za kushinda. "Ningeweka pesa nyingi, angetupa karata zake akaenda kwake. Basi nikaweka kidogo. Akaona si kitu, akafuata. Nikaongeza kidogo tena, huku najikuna kichwa kama mwenye shaka. Mtu akishatia mara tatu haachi ya nne, zile za nyuma zinamuuma. Mwisho akatia mashua." Akatabasamu. "Ni subira tu, na subira umenifunza wewe."

"Nilikufunza kusubiri lililoandikwa, si kumsubiri mtu aanguke."

Akachovya brashi. Nikamuomba mara ya pili.

"Mashua haiwezekani, Mwalimu wangu. Lakini nasikia paa la madrasa linavuja. Mabati nitaleta wiki hii."

Hapo ndipo nilipoona. Mwaka jana alileta mikeka mipya. Kwetu, anayeleta kitu madrasani huombewa dua. Watoto wakainua mikono, nami nikamuombea Mungu amzidishie riziki. Riziki gani, sikuuliza. Nilijua anacheza, mji mzima unajua, lakini nikajiambia mkeka ni mkeka. Kisha akaleta feni mbili. Nikamuombea tena, kwa sauti kubwa zaidi. Na nilipoambiwa kwamba ndugu yangu ameanza kwenda kucheza kwake, niliona taabu kumkanya mtu ambaye feni zake zinanipepea. Kila alipoongeza, nilifuata.

"Mabati usilete," nikamwambia.

"Umekasirika, Mwalimu?"

"Natupa karata zangu, mwanangu. Nimechelewa tu."

Alicheka, akidhani ni mzaha. Mashua hakuirudisha.

Siku ya pili nilikunja mikeka, nikateremsha feni, nikamuita mwenye punda avipeleke gatini virudi kwa mwenyewe. Wazazi walinung'unika. "Watoto wamekosa nini?" mama mmoja aliniuliza mlangoni. Wanakaa juu ya saruji, na joto la mwezi huu halina huruma.

Ndugu yangu siku hizi hubeba mizigo ya wageni begani, Shela, kutoka gatini mpaka vyumbani mwao. Nikimsalimu huitikia, kwa kuwa salamu ni wajibu, lakini hanitazami. Namshukuru Mungu kwa kila hali, na nina afya. Ila mashua za yule mwanafunzi wangu sasa ni nne, na aliyemuombea azidishiwe ni mimi.